Mbwa wa Saba Uani kwa Bi Mapenzi

"Saba," alisema Inspekta Jefwa.

"Sita!" alisema Bi Mapenzi.

"Mama, macho ninayo. Nimehesabu mara mbili. Saba."

"Wangu ni sita, Inspekta! Sita, sita, sita! Huyo mwengine simjui, sikumleta, sikumwita, wala sijui kaingia vipi ndani ya ua wangu. Niapishe kwa unachokitaka wewe!"

Bi Mapenzi Garama alikuwa amelijaza lango lake, mchi wa kutwangia mkononi, leso ya juu kaifunga kiunoni. Mbele yake, kwa mbali kidogo, tena kwa adabu, alisimama Bwana Mifugo wa wilaya, Kombe Chome, bunduki kwapani. Asubuhi ile ile mchi ule ulikuwa umempita Chome sikioni akausikia upepo wake. Ndiyo sababu polisi wakaitwa.

Kwa hiyo Jefwa alikuja kutuliza ugomvi. Kupeleleza? Hata hakuwazia! Sheria aliijua, na sheria ilikuwa wazi kama jua la Diani.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa uhuru. Tangu bendera ibadilike, Wazungu wengi wa pwani ile walikuwa wakifunga masanduku. Waliuza nyumba, wakauza vitanda, kuku wakagawa bure. Lakini mbwa hawakuuzika, na melini hawakuingia bila vyeti. Ndipo wakamkumbuka Mapenzi, Mduruma wa Kinango, mjane, yaya aliyewalelea watoto wao na ambaye mbwa hakumtisha hata kidogo. Wakamwachia mbwa wao awatunze nyumbani kwake mpaka vyeti vipatikane. Baraza likampa leseni: mbwa sita, kila mbwa na chumba chake, kila chumba na mlango wake, na asizidi hata mmoja.

Akizidi mmoja, leseni imekufa. Tena mwaka ule wilaya nzima ilikuwa na hofu ya kichaa cha mbwa. Amri ilisema nyumba ikivunja leseni, mbwa wote ambao wenyewe hawapo kuwachukua siku hiyo hiyo wapigwe risasi. Na wenyewe wa mbwa hawa walikuwa wapi? Uingereza!

"Mimi sina ugomvi na mama huyu," alisema Chome. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, anayetafuna karanga kutoka mfukoni hata wakati wa kazi kama hiyo. "Nimesimama hapa langoni, nimehesabu vichwa, vimezidi. Adhuhuri naanza kazi yangu."

"Uanze na mimi basi!"

"Mama, weka mchi chini," alisema Jefwa.

"Aweke bunduki kwanza yeye."

"Bwana Chome..."

"Aweke mchi kwanza yeye."

"Wekeni wote pamoja! Kwani mmekuwa watoto?"

Wakainama pamoja, wakatazamana kwa macho ya wizi, mchi ukalala mchangani na bunduki ikalala mchangani. Hapo Mapenzi akalegea mabega. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya ugomvi.

"Inspekta, mwanangu. Yule wa chumba cha mwanzo ni Malkia. Mtoto wao wa kike alinililia hapa hapa langoni. Akanishika mkono, akauweka juu ya shingo ya mbwa, akasema, Yaya, mtunze mpaka nimtumie tiketi. Mimi nimemlea mtoto yule tangu hajaota meno. Leo nimwambie nini? Nimwambie alipigwa risasi kwa sababu ya mbwa asiyekuwa na jina?"

Jefwa aligeukia uani. Alikuwa anamtazama huyo asiyekuwa na jina.

Vyumba sita vya mbao na waya vilijipanga upande mmoja wa ua, na kila mlango ulikuwa umetiwa komeo. Mbwa sita walikuwa wamesimama nyuma ya nyaya wakibweka mpaka povu. Wa saba alikuwa peke yake, nje ya vyumba, chini ya mpera. Mbwa mkubwa, rangi ya mchanga, kichwa juu ya miguu ya mbele. Hakubweka, hata mkia hakuutikisa. Ute ulikuwa unamning'inia mdomoni. Mbele yake palikuwa na sahani ya uji, na uji ule umefanya utando juu.

"Hataki kula?"

"Nilimtilia nikidhani atakula, nipate kumfukuza vizuri. Hakugusa. Nami sikumgusa, nilimsukumia sahani kwa fagio."

"Jana usiku mvua ilinyesha?"

"Mvua? Ilimwagika, si kunyesha! Ikakatika kabla ya alfajiri."

Jefwa akachutama. Ua mzima ulikuwa tope jeusi laini, na tope lile lilikuwa na habari nyingi. Kulikuwa na nyayo za Mapenzi, kutoka mlango wa nyumba mpaka vyumbani. Kulikuwa na nyayo za mbwa huyu pia, lakini chache, kutoka ubavuni mwa ua mpaka chini ya mpera. Kutoka langoni hapakuwa na wayo hata mmoja. Nyayo zake zilianzia chini ya ua wa mabati, pale pale, kama mbwa aliyedondoka na mvua.

"Lango lilikuwa na kufuli?"

"Kufuli lilikuwepo, na ufunguo huu hapa shingoni. Nalala nao, naoga nao."

Jefwa akasimama, akaenda kwa nje mpaka ubavu ule wa ua. Mabati yalimfika kifuani, na chini yake kulikuwa na nyasi tu zisizoshika wayo. Juu ya bati moja kulikuwa na manyoya rangi ya mchanga yamenasa, na bati lenyewe lilikuwa limepinda kwa ndani.

"Bwana Chome!" aliita. "Huyu mbwa hakuingia. Ameingizwa! Mtu amembeba begani, akamtumbukiza ndani!"

Karanga ilimkwama Chome kooni. "Mtu abebe mbwa? Huku kwetu? Kwa ajili gani?"

"Ili wewe uje uhesabu."

Mapenzi aliweka kiganja mdomoni. Macho yakamtoka. "Yarabi," alisema, na yeye hakuwa Mwislamu. Neno lilimtoka tu. "Kuna mtu ananichukia kiasi hicho?"

"Hukusikia kitu? Mbwa sita, na mgeni anarushwa ndani, hawakubweka?"

"Walilia wote! Lakini Inspekta, hawa hulia kila alfajiri. Mwalimu Seifu akianza tu adhana, wote wanainua shingo, auuuu, mpaka anamaliza. Nimewazoea, nageuka upande wa pili nalala. Leo pia walilia na adhana. Basi nikalala."

"Kwa hiyo aliyekuja alikuja wakati wa adhana. Alijua wakilia hutaamka."

"Huyo mwenye adhana mwenyewe je?" alisema Chome, akishusha sauti. "Kila mtu anajua Mwalimu Seifu hataki mbwa hawa. Alisema barazani, mbele ya chifu. Ama mbwa hao, ama yeye."

"Mwalimu Seifu hawezi."

Wote wakageuka. Aliyesema ni Konstebo Athmani, dereva aliyemleta Jefwa. Alikuwa amesimama kando ya njia tangu wafike, mkono mmoja mfukoni. Kijana wa Majoreni, mrefu, mwenye mabega ya mpiga makasia. Yeye ndiye aliyekuwa zamu usiku ule katika kituo kidogo cha hapo Diani, na ndiye aliyeendesha Landrova mpaka Kwale kumchukua Inspekta ugomvi wa mchi ulipoanza. Jefwa alimpenda kwa sababu alikuwa hapayuki. Na tangu amzike binti yake kabla ya mwezi wa Ramadhani, maneno yalikuwa yamempungua zaidi. Homa, alisema. Jefwa alimchangia sanda.

"Hawezi kwa nini?" aliuliza Jefwa.

"Hawezi tu, Afande. Ni mtu wa Mungu."

"Basi tukamsikie huyo mtu wa Mungu. Twende."

*

Msikiti ulikuwa mdogo, wa mawe na makuti, nyuma kidogo ya shamba la minazi la Mapenzi. Mwalimu Seifu walimkuta nje, kanzu ameikunja mpaka magotini, anachokora mferejini kwa kijiti. Ule ulikuwa mfereji wa kupitishia maji ya udhu, kando ya birika. Alikuwa ananung'unika peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Jefwa, kofia mkononi.

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibu, usiogope, huku nje si lazima uvue viatu. Umekuja kunifunga?"

"Nikufunge kwa lipi?"

"Kwa mbwa! Mapenzi amepiga kelele tangu asubuhi, sina masikio? Na huyo bwana wa karanga lazima amekwambia nilivyosema barazani. Nilisema! Na Ijumaa nitasema tena. Mbwa na njia ya msikiti havikai pamoja. Lakini nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, hamisha ua wako, dada. Akaniambia ningoje avune mihogo yake. Nikasema nangoja. Tukala mihogo."

"Alfajiri ya leo ulikuwa wapi?"

Seifu akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Halafu akacheka mpaka kijiti kikamdondoka.

"Nilikuwa pale, juu ya kile kijukwaa, nimeziba masikio naadhini! Diani nzima ni mashahidi wangu. Mbwa wenyewe ni mashahidi wangu, si waliniitikia?"

Jefwa naye akacheka kidogo, aibu ikampata. Bila shaka! Mtu hawezi kuadhini huku na kubeba mbwa kule. Aliyekuja uani alikuja wakati sauti ya mzee huyu ikiwa hewani. Seifu ametoka katika tuhuma.

"Mfereji una nini, Mwalimu?"

"Mchanga! Mtu kanijazia mchanga, maji hayapiti. Nimeshuka kutoka kuadhini, namkuta mtu kachutama hapa birikani. Kavua shati, analiosha, na mikono, na mabega. Nikamwona anateka mchanga, anasugua, anamwaga maji kwa kata. Tena na tena. Anahesabu kwa sauti. Nne. Tano. Nikajua huyu keshaguswa na mbwa, nikamwacha, nikaingia kusimamisha sala. Akaja akaunga nyuma ya safu na shati lililolowa."

Jefwa alihisi nywele za shingo zinasimama. Akageuka kwa dereva wake.

"Athmani, kwa nini mtu aoshe mara nyingi hivyo?"

"Ni twahara, Afande." Sauti ya Athmani ilikuwa ndogo. "Mbwa mkavu akikugusa nawe u mkavu, haidhuru. Lakini akiwa na majimaji, mwili au ute, basi unaosha mara saba, na mojawapo kwa mchanga. Bila hivyo huwezi kusali."

"Na jana ilinyesha. Mbwa alikuwa ameloa chapa!" Jefwa akamrudia mzee. "Mwalimu. Huyo ndiye mtu wangu. Nani?"

Mwalimu Seifu aliokota kijiti chake. Akakipangusa. Akakitazama mbele na nyuma.

"Mwanangu, mtu aliyekuja nyumbani kwa Mungu akajisafisha asali, mimi simtaji kwa mambo ya mbwa."

"Mbwa sita watapigwa risasi adhuhuri. Na mjane atafungiwa riziki yake."

"Najua." Mzee alikishusha kijiti. "Ndiyo maana sikukuficha kwamba alikuwepo. Usiniombe zaidi. Angalia mwenyewe, wewe ni polisi."

Na kitu kimoja Jefwa akakiona. Mzee alikuwa akimtazama yeye, akiutazama mfereji, akiitazama kata, akiutazama mnazi. Upande aliosimama Athmani hakuutazama hata mara moja.

Jefwa akajiambia, hapana. Hapana! Akazunguka birika kwa pole pole. Upande wa pili, ambako yeye na Athmani walikuwa hawajakanyaga, kulikuwa na jiwe la kukalia. Mbele ya jiwe, kwenye tope la mvua ya usiku lililoanza kukauka kingo, kulikuwa na alama mbili zimekaa sambamba, pale mtu alipovua viatu akavipanga vizuri. Viatu vizito. Misumari ya duara kwenye soli, na kisigino chenye chuma kama kwato la punda.

Jefwa aliinua mguu wake. Akaugeuza. Akaitazama soli ya buti lake mwenyewe, buti la serikali.

Misumari ya duara. Kisigino cha chuma.

Diani yote asubuhi ile, watu wenye buti kama lile hawakuzidi wawili, na mmoja wao usiku ule alilala Kwale na mkewe.

"Athmani," alisema, na hakuitambua sauti yake. "Kaningojee kwenye gari."

"Ndiyo, Afande."

Akaenda. Mwalimu Seifu alikuwa ameinama tena mferejini, anachokora, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

*

Lakini alama ya kiatu ni alama ya kiatu. Mtu anaweza kupita karibu na mbwa akiwa doria, akalowa, akajitwaharisha. Si kosa! Jefwa alijishika na uwezekano huo mpaka langoni kwa Mapenzi. Chome alikuwa amekaa juu ya gogo, bunduki magotini, karanga zimemwishia.

"Bwana Chome, swali moja. Nani alikuletea habari kwamba mbwa wamezidi hapa?"

"Si nyinyi wenyewe? Nilipigiwa simu kutoka kituoni kwenu."

"Na nani?"

"Na huyu huyu konstebo wako. Akaniamsha! Giza bado, kuku wangu hawajashuka. Nikapanda pikipiki yangu kutoka Matuga bila hata chai."

Jefwa akamgeukia Mapenzi. "Mama, wewe ulimwona lini huyu mbwa wa saba?"

"Nilipotoka na ndoo ya uji. Jua lishatoka. Hata sijashusha ndoo vizuri, huyu bwana huyoo, hodi langoni. Nilishangaa. Nikasema, huyu kaota?"

Hata Malkia aliacha kubweka. Chome, ambaye hakuwa mjinga, alianza kufungua mdomo taratibu.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, ngoja. Kama yeye mwenye ua alikuwa hajui..."

"Bwana Chome," alisema Jefwa, "hebu ingia ndani ukamtazame mbwa yule kwa karibu, alama za kamba shingoni, chochote. Tangu asubuhi umemtazamia langoni tu." Naye akaondoka kabla hajaulizwa lolote.

Landrova ilikuwa kivulini. Athmani alikuwa amekaa nyuma ya usukani, anatazama mbele. Jefwa hakwenda mbele. Alifungua mlango wa nyuma. Sakafu ya bati ilikuwa imeoshwa, ikaoshwa, ikaoshwa. Ilimeremeta. Lakini katika mikunjo yote ya bati mchanga mweupe ulikuwa umejaa, mchanga safi, wa kusugulia.

Mtu aliyekuwa hata viatu vyake akivipangusa kwa shingo upande alikuwa ameisafisha gari ya serikali gizani, kwa mchanga, na kuhesabu. Sheria ya baraza aliivunja. Ile ya twahara hakuweza kuivunja.

"Shuka," alisema Jefwa.

Athmani akashuka.

"Umemtoa wapi?"

Hakukataa! Jefwa alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hicho. Kijana alisimama wima kama yuko gwaridani, mkono wa kulia ameukunja ngumi.

"Barabara ya Msambweni, Afande. Nilikuwa doria na gari. Alikuwa kalala kando ya njia, anamiminikiwa na mvua. Mpole, hata hakunikoromea. Sikupanga kitu kabla, wallahi. Nilimwona tu, ikanijia. Nikasema, Mungu amenipa."

"Amekupa nini?"

"Sababu."

"Mama yule amekukosea nini wewe?"

"Hakunikosea." Akaikaza ngumi. "Binti yangu, Mwanafatuma, hakufa kwa homa, Afande."

Jefwa akauachia mlango wa gari.

"Kule Majoreni kulikuwa na mbwa wa Mzungu. Mwenyewe kaondoka, kamwachia mpishi. Mpishi naye kamwachia njia. Akamuuma mwanangu kidogo tu, hapa kwenye kigimbi. Mama yake akapaka manjano. Kidonda kikapona! Mtoto akacheza, akasahau. Wiki zikapita. Siku nilipofika nyumbani likizo nikampa kikombe cha maji, akakirusha. Akapiga kelele akiona kikombe, Afande. Kikombe! Mwanangu akaogopa maji, na sisi ni watu wa bahari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Niseme mwanangu alifungwa kamba kitandani?" Akapangusa uso kwa mkono wa kushoto. "Halafu nahamishiwa kituo cha hapa, nasikia wao wamewekwa vyumbani, wanapikiwa uji, wana leseni! Wenyewe wameshaondoka, mbwa wamebaki. Nikasema, hawa watoke. Kwa sheria, si kwa kisu. Mmoja akizidi tu, sheria itawatoa wote."

Kazi ni kazi. Jefwa alishika mkanda wake, akatafuta maneno ya kumkamata mtu anayevaa nguo sawa na zake. Hakuyapata bado, na hakupewa nafasi ya kuyapata.

"Inspekta! Inspekta!"

Ni Chome. Mtu mnene yule alikuwa anakimbia! Bunduki mkono mmoja, kofia imemtoka, na nyuma yake Mapenzi ameshika leso kwa meno.

"Nani kamshika yule mbwa?" Chome alikuwa amepauka midomo. "Nani kamshika? Nimeingia. Nimemwekea maji. Anatumbukiza mdomo wote, anataka, hawezi kumeza! Taya limelegea, miguu ya nyuma inamkataa. Ni kichaa, Inspekta! Kile cha kimya, kisichouma watu ovyo. Ukisikia upole, ndio huo!"

"Na umesimama langoni asubuhi nzima unahesabu vichwa!"

Chome hakujitetea. "Nimesimama," alisema. "Nimefanya vibaya."

"Na wale sita?"

"Wazima. Kila mmoja chumbani mwake, komeo limetiwa, huyu hakumfikia yeyote. Ndiyo maana ya sita, Inspekta! Vyumba ni sita! Kama mama huyu angewachanganya wawili wawili, leo ningewaua wote, na sheria isingekuwa na la kuniuliza. Lakini mtu? Kuna mtu kamshika?"

"Mimi kwa fagio tu," alisema Mapenzi, anahema. "Sikumgusa. Inspekta, wewe?"

"Sikumgusa."

Halafu wakawa wamegeuka wote, mmoja baada ya mwengine.

Athmani alikuwa anaitazama ngumi yake kama kitu alichookota. Akaifungua. Kati ya kidole gumba na kiganja kulikuwa na mkwaruzo, mfupi, mwekundu, umevimba kingo.

"Jino," alisema. "Nilipokuwa namvusha juu ya bati. Alinikwaruza tu."

Mapenzi akatazama kiganja. Akatazama bati lake lililopinda. Akamtazama Athmani usoni, na Jefwa aliona yote yakimwingia mama yule kwa pamoja.

"Ni wewe?"

Athmani akainamisha kichwa.

"Ni wewe, mwanangu? Kila asubuhi unapita hapa unaniamkia!"

"Umeosha?" Chome alikuwa amemkamata kifundo cha mkono. "Jibu! Umeosha lini?"

"Pale pale. Msikitini. Mara saba, na mchanga."

"Mara saba!" Chome alipumua kama mtu aliyetoka chini ya maji. "Basi huenda umejisaidia kuliko unavyojua. Kuosha mapema ndiyo dawa ya kwanza. Lakini haitoshi. Sabuni! Nani ana sabuni? Halafu Mombasa, hospitali, sindano, leo hii, kabla kichaa hakijapanda!"

Jefwa alitazama huku na huku kama kipofu. Aliyekimbia ni Mapenzi. Alikwenda na kurudi na mche wa sabuni ya kufulia na mtungi wa maji, akapiga goti topeni mbele ya yule yule aliyetaka kumfukarisha, akaukamata mkono wake kwa nguvu kama anamchapa, akasugua. Alisugua huku analia kwa hasira. Maji yakamwagika juu ya kidonda, juu ya buti, juu ya leso yake. Athmani aliyatazama maji yale na uso umemkauka.

"Afande," alisema taratibu, "nikianza kuyaogopa, utaniambia? Mtu mwenyewe hajijui."

"Ingia ndani ya gari," alisema Jefwa. "Naendesha mimi."

Miaka mingi alikuwa hajashika usukani. Gari iliruka, ikazimika, akaiwasha tena. Kutoka pale mpaka kivuko cha Likoni ni barabara mbovu, na baada ya hapo foleni ya feri, na baada ya hapo madaktari, na baada ya hapo ripoti ambayo angelazimika kuiandika kwa mkono wake. Mapenzi alikuja dirishani kwa Athmani, mikono bado ina povu la sabuni. Jefwa alidhani atamtemea mate.

"Sikiliza wewe," alisema. "Sindano zote. Hata wakikwambia ni za kudungwa tumboni, hata ukilia, zote! Nataka unione kortini ukiwa mzima. Nikushitaki mtu mzima, nikusute mbele ya hakimu mpaka ukome. Usinidhulumu na hilo pia."

"Ndiyo, Mama," alisema Athmani.

Gari ikaondoka. Walikuwa hawajafika barabara kuu bunduki ya Chome iliposikika kutoka uani, mlio mmoja mkavu. Jefwa akakanyaga breki bila kujua kwa nini. Wakakaa, injini inaguruma, wote wawili wamegeuza sikio dirishani.

Bunduki haikulia tena.